Kisogo cha Mwenzangu: Mkristo Asiyefuatisha na Utamaduni wa Kanisa la Magharibi

Nyuma kabisa ya ukumbi, juu ya milango wanayoingilia waumini, kuna saa ya tarakimu nyekundu inayohesabu kushuka kuelekea sifuri. Waumini hawaioni, kwa sababu viti vyote vinatazama jukwaani. Imewekwa kwa ajili ya yule anayehubiri. Niliiona Jumapili moja katika kanisa kubwa la mji mmoja wa katikati ya nchi ya Marekani, ninakoishi tangu nilipohama Tanzania, nilipogeuka kumtazama mtoto aliyekuwa akilia nyuma yangu. Zilikuwa zimebaki dakika 11. Nyimbo zilikuwa zimemaliza dakika zake 20 katika giza, huku moshi mwembamba wa mashine ukitanda miguuni mwa wapiga magitaa, na mahubiri yalikuwa yanaelekea ukingoni. Saa ilipokaribia sifuri mhubiri alisema amina, taa zikawashwa, na nje wahudumu waliovaa fulana za kung'aa wakaanza kuongoza magari yetu yatoke ili watu wa ibada ya pili wapate maegesho. Nilikuwa nimesali pale zaidi ya mwaka mmoja. Nikiwa natafuta ufunguo wa gari mfukoni, nilitambua kwamba katika muda huo wote hakuna mtu aliyewahi kunisikia nikisema neno ndani ya ukumbi ule zaidi ya salamu, wala mimi sikumjua kwa sauti yake yeyote aliyeketi karibu nami. Niliwajua kwa visogo.

Mkristo anayesema mambo kama haya hudhaniwa upesi kwamba imani yake imepoa au amekosana na mchungaji, na mara nyingine ni kweli. Hata hivyo wapo Wakristo, nami najihesabu miongoni mwao, wanaomkiri Kristo, wanaosoma Maandiko, wanaobatiza na kuumega mkate, na ambao hata hivyo hawakubali kwamba jukwaa, ratiba ya dakika na nembo iliyochapwa kwenye vikombe vya kahawa ndivyo kanisa lenyewe. Wanachokihoji ni utamaduni uliozaliwa mahali fulani, kwa sababu fulani, katika miaka inayoweza kutajwa. Gitaa silioni kuwa kosa, na ukubwa wa jengo peke yake haunisumbui sana. Linalonisumbua ni kwamba hatua kwa hatua watu waliokusudiwa kuhudumiana wamegeuzwa kuwa hadhira, na wamezoea hali hiyo kiasi cha kudhani kwamba mitume ndio walioianzisha.

Jina tunaloweza kuitwa lina historia yake huko Uingereza. Mwaka 1662 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyomtaka kila mchungaji akubali kila kilichomo katika kitabu rasmi cha sala. Wachungaji wapatao 2,000 walipoteza parokia zao kwa kukataa, hao na wale waliokuwa wameondolewa miaka miwili iliyotangulia wakihesabiwa pamoja. Wakaitwa kwa neno ambalo kwa Kiswahili tungelitafsiri wasiofuatisha, na msomaji wa Biblia atakumbuka Warumi 12, pale Paulo anapowaonya waamini wasiifuatishe namna ya dunia hii. Mwaka 1664 sheria nyingine ilikataza mikusanyiko ya ibada ya watu zaidi ya watano wasio wa nyumba moja nje ya utaratibu wa kanisa la serikali. John Bunyan alikuwa tayari yumo gerezani Bedford tangu 1660 kwa kuhubiri bila kibali, na alikaa humo takriban miaka 12. Wengi wa watu hao hawakuwa na ugomvi na mafundisho makuu ya imani. Walikataa kwamba mfalme na maaskofu wana mamlaka ya kuweka namna moja ya kumwabudu Mungu na kuiita ya lazima. Uhuru wa ibada ulipoanza kutolewa mwaka 1689, nao kwa masharti, kizazi kizima kilikuwa kimekwisha kukutana ghalani, porini na sebuleni.

Sebule, kwa kweli, ni ya zamani kuliko ukumbi. Paulo anapowaandikia Wakorintho, katika sura ya 14 ya waraka wa kwanza, anataja mkutano ambao kila mmoja huja na kitu: huyu zaburi, yule fundisho, mwingine ufunuo. Tatizo analolitatua pale ni watu kusema kwa wingi mno na kwa pamoja, tatizo ambalo mchungaji wa leo wa Chicago au Houston angeliota tu. Jengo la Kikristo la mapema linalojulikana vizuri zaidi lilifukuliwa Dura-Europos, nchini Syria, kwenye ukingo wa mto Frati. Ilikuwa nyumba ya kawaida yenye ua, ambayo katika miaka ya 240 hivi ukuta kati ya vyumba viwili ulibomolewa ili kupata nafasi ya kutosha watu wapatao 70, na chumba kingine kikafanywa mahali pa ubatizo na kupakwa picha ukutani. Mji huo ulitekwa na Waajemi mwaka 256 hivi, na nyumba ile ikabaki chini ya udongo hadi karne ya 20.

Baada ya mwaka 313, watawala wa Kirumi Konstantino na mwenzake Likinio walipoiruhusu imani hiyo hadharani, Wakristo walihitaji nafasi kubwa zaidi. Hawakuchukua umbo la hekalu la kipagani. Walichukua basilika, jengo refu ambalo Warumi walilitumia kwa mahakama na biashara, lenye nafasi iliyoinuliwa mwishoni ambapo hakimu aliketi. Mahali pa hakimu akaketi askofu. Sidhani kama kuna aliyekusudia ubaya, maana watu walikuwa wengi na mvua ilikuwa inanyesha. Lakini jengo hufundisha hata pale mafundisho yanaponyamaza, na jengo lile lilifundisha kwamba mambo yanatokea kule mbele.

Kwa karne nyingi waumini wa Ulaya walisimama na kutembeatembea ndani ya kanisa. Mabenchi yalienea mwishoni mwa Zama za Kati, na Matengenezo ya Kiprotestanti yaliyoifanya mimbari kuwa kitovu cha ibada yakayafanya yawe ya lazima, kwa kuwa msikilizaji wa mahubiri marefu lazima akae. Baadaye mabenchi yakawa chanzo cha mapato. Uingereza na Marekani familia zilikodi benchi kwa mwaka. Matajiri walikaa mbele, maskini wakakaa nyuma au ghorofani. Mwishoni mwa karne ya 18, katika kanisa la Kimethodisti la Mtakatifu George mjini Philadelphia, Richard Allen, Absalom Jones na Waafrika wenzao walikuwa wamepiga magoti ghorofani wakati wa sala, na wasimamizi wakaja kuwainua kwa nguvu kwa sababu hawakuwa mahali walipopangiwa. Jones aliomba waachwe mpaka sala iishe, lakini hawakuachwa. Sala ilipokwisha waliondoka kwa pamoja. Kanisa la Betheli la Allen lilifunguliwa 1794, na mwaka 1816 likazaliwa Kanisa la Kimethodisti la Kiafrika la Kiaskofu, ambalo liko hai hadi leo. Ninapoambiwa kwamba kuhoji utamaduni wa kanisa la Magharibi ni mtindo wa vijana wa mitandaoni, huwakumbuka watu wale waliotoka kimya wakishuka ngazi za Mtakatifu George.

Nia njema imefanya sehemu kubwa ya kazi hii, na msomaji anapaswa kulizingatia hilo kabla ya kumhukumu yeyote. Mwaka 1832 wafuasi wa mhubiri wa uamsho Charles Finney walikodi jumba la maigizo la mtaa wa Chatham, New York, wakaligeuza kuwa kanisa ambalo viti vyake havikodishwi, ili maskini aketi popote. Ni jambo la haki kabisa. Ila jumba la maigizo liliingia kanisani likiwa na viti vyake vinavyoinuka, jukwaa lake na mazoea yake, na muda si mrefu makanisa ya Marekani yakaanza kujenga kwa kufuata umbo lile. Finney pia alizoesha watu benchi la mbele ambako waliohangaika rohoni waliitwa waketi machoni pa wote. Huko ndiko inakopita sehemu ya nasaba ya wito wa kuja mbele, ambao wengi wetu Afrika Mashariki tumeupokea kana kwamba ulianzia siku ya Pentekoste.

Mwaka 1955 Robert Schuller alianza kuhubiri huko Orange, California, akisimama juu ya paa la kibanda cha vitafunwa katika kiwanja cha sinema ambacho watazamaji hubaki ndani ya magari yao. Mtu aliweza kuja, kusikiliza na kuondoka bila kufungua mlango wa gari. Kutoka hapo kukazaliwa kanisa la vioo zaidi ya 10,000, lililofunguliwa mwaka 1980 na kuonekana kwenye televisheni duniani kote. Mwaka 2010 huduma hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na jengo likauzwa kwa Jimbo Katoliki la Orange kwa dola milioni 57.5. Mwaka huohuo wa 1955 mmisionari Donald McGavran, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi India, alikuwa ameanza kufundisha kwamba ukuaji wa kanisa unapaswa kupimwa kwa uangalifu na kwamba watu hupenda kuwa Wakristo bila kuvuka mipaka ya kabila, lugha au tabaka lao. Alikuwa akieleza alichokiona vijijini. Huko Marekani, maelezo yakawa kanuni ya kupanga: chagua unayemlenga, ondoa kinachomkera, hesabu vichwa.

Kanisa la Willow Creek, kando ya Chicago, ndilo lililoitekeleza kanuni hiyo kwa ukamilifu zaidi. Bill Hybels na wenzake walipita nyumba kwa nyumba wakiwauliza watu kwa nini hawaendi kanisani, kisha mwaka 1975 wakaanza ibada katika ukumbi wa sinema zikiwa zimeondolewa zile kero walizotajiwa. Maelfu walikuja, na makanisa kutoka nchi nyingi yakatuma watu kujifunza. Kinachonigusa ni kilichotokea mwaka 2007, walipochapisha matokeo ya uchunguzi wao wenyewe juu ya waumini wao. Waligundua kwamba kushiriki zaidi katika shughuli za kanisa hakukuonyesha kwamba mtu anakua zaidi katika kumpenda Mungu na jirani, na kwamba miongoni mwa waliokomaa kiimani walikuwamo wengi waliokuwa wakifikiria kuondoka. Hybels mwenyewe alikiri hadharani kwamba walipaswa kuwafundisha watu kujilisha wenyewe. Ni makanisa machache yaliyowahi kujipima kwa uaminifu namna ile na kutangaza jibu lisilowafurahisha, nami nawaheshimu kwa hilo, ingawa muundo wenyewe uliendelea kuigwa kama ulivyokuwa.

Muundo huo ukikamilika huegemea mtu mmoja. Kanisa la Mars Hill, lililoanzishwa Seattle mwaka 1996, lilirusha mahubiri ya mchungaji wake Mark Driscoll kwa video hadi kwenye matawi ya majimbo kadhaa, na katika kilele chake lilikuwa na wahudhuriaji zaidi ya 10,000 kwa wiki. Oktoba 2014 Driscoll alijiuzulu baada ya malalamiko kuhusu namna alivyotumia mamlaka. Kabla mwezi haujaisha ilitangazwa kwamba kanisa zima litavunjwa, na mwaka mpya ulipoanza baadhi ya matawi yalikuwa yamegeuka makanisa ya kujitegemea na mengine yamefungwa. Tujiulize vizuri: katika watu zaidi ya elfu kumi, kulikuwa na waombaji, walimu, wenye kutembelea wagonjwa na wenye hekima, na bado mtu mmoja aliposhuka jukwaani jengo lote la kiroho lilikosa nguzo. Karama zao hazikuwa zimezoezwa kubeba mzigo.

Suala la fedha hufuata njia ileile. Sheria ya kodi ya Marekani huyataka mashirika mengi ya hisani yawasilishe kila mwaka taarifa ambayo raia yeyote anaweza kuisoma, yenye mapato, matumizi na malipo ya wakuu wake. Makanisa yamesamehewa wajibu huo. Sababu ya msamaha ni nzuri, yaani kuizuia serikali isiingie madhabahuni, lakini matokeo yake ni kwamba mtoa fungu la kumi anaweza kujua machache kuhusu kanisa lake kuliko anayojua kuhusu shirika la kutunza mbwa, isipokuwa wazee wa kanisa waamue kumwambia. Ujerumani mambo ni tofauti: kodi ya kanisa hukatwa pamoja na kodi ya mapato, kwa asilimia 8 au 9 ya kodi hiyo kulingana na jimbo, na anayetaka kuacha huenda kujiandikisha ofisi ya serikali. Naligusia hili kwa sababu Magharibi si kitu kimoja, na mtu anayeondoka kanisani Munich hakimbii kitu kilekile anachokimbia mtu wa Dallas. Kwa wote wawili, hata hivyo, mchango wa kawaida wa muumini umekuwa kulipa na kuhudhuria.

Na wengi wameacha kuhudhuria. Mwaka 2020 Gallup, shirika la kura za maoni, ilipata kwamba asilimia 47 tu ya Wamarekani walikuwa washirika wa kanisa, sinagogi au msikiti. Ilikuwa mara ya kwanza kushuka chini ya nusu tangu ilipoanza kuuliza mwaka 1937, wakati huo ikiwa asilimia 73. Wachungaji wakisoma takwimu hizo hurejea Waebrania 10:25, wala tusiache kukusanyika pamoja, na mstari huo nimeshausikia mara nyingi ukielekezwa kwangu. Ninaukubali wote. Ninachoomba ni kwamba usikatwe katikati. Mstari unaotangulia unasema tukaangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri, na baada ya kukataza kuacha kukusanyika, mwandishi anaeleza mkusanyiko huo ni wa nini: bali tuonyane. Kuangaliana kunahitaji nyuso, na kuonyana kunahitaji nafasi ya kusema na kujibiwa. Mtu aliyehudhuria Jumapili 52 akitazama kisogo cha mwenzake gizani hajakitimiza kile ambacho aya ile inamwagiza, ingawa jina lake limo kwenye orodha ya waliohudhuria.

Upanga huo unakata pande zote mbili, na hapa nataka kusema na wenzangu tuliotoka. Anayeondoka ukumbini akabaki nyumbani na simu, akisikiliza mahubiri ya mhubiri anayempenda wakati anapika, hajaukataa utamaduni wa hadhira. Ameupeleka mbali kuliko Schuller na magari yake. Sasa anaweza hata kumzima mhubiri anapomkera. Aidha, udogo wa kundi hauleti utakatifu. Wakorintho walikutana nyumbani, na Paulo aliwakemea kwa sababu wenye nacho walikula na kulewa wakati maskini wana njaa. Kundi la watu 12 lisilo na mtu wa nje wa kulikagua linaweza kuzaa mtemi mdogo ambaye hakuna gazeti litakalomwandika. Na yapo mambo ambayo kanisa kubwa huyafanya vizuri: aliyeumizwa anaweza kukaa nyuma miezi kadhaa bila kuulizwa maswali, na kwa mtu wa namna hiyo giza la ukumbi ni rehema.

Hata namna ya kutofuatisha huweza kugeuka. Marafiki, wanaoitwa Wakweka, walianza Uingereza katika karne ya 17 wakikutana kimya bila mchungaji, wakimsubiri Roho amwinue yeyote aseme, mwanamume au mwanamke. Karne ya 19 baadhi ya Wakweka wa Marekani waliguswa na uamsho wakaajiri wachungaji na kuanza ibada za nyimbo na mahubiri yaliyopangwa. Wamisionari waliofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902 walitoka upande huo. Ndiyo maana Kenya, nchi yenye Wakweka wengi kuliko nyingine yoyote, ina Wakweka wengi ambao Jumapili yao inafanana sana na ya majirani zao wa madhehebu mengine.

Mimi nililelewa karibu na jambo jingine, na pengine ndilo lililonifanya niione saa ile. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930 ulifika Bukoba pia, na bibi yangu mkoani Kagera alikuwa mmoja wa ndugu, kama wafuasi wa uamsho huo walivyoitana. Hawakutoka kanisani, Jumapili bibi alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi lake. Lakini siku moja katikati ya wiki ndugu walikutana nyumbani kwake, mikeka imetandikwa, chai ya rangi iko jikoni, na kila mmoja alisema jinsi anavyotembea nuruni: nimemdanganya mume wangu, nimemchukia fulani kwa ajili ya mpaka wa shamba, Bwana amenisamehe. Wengine waliitikia kwa kuimba Tukutendereza. Nilimwona mchungaji mzima akikemewa na mjane asiyejua kusoma, kwa upole, naye akashukuru. Ule ushirika ulikuwa na makosa yake pia, ukali juu ya mavazi na shinikizo la kuungama hata yasiyofaa kusemwa mbele ya watoto, na sitaki kuupamba. Ila hapakuwa na mtazamaji pale.

Sasa tunakutana watu 11 sebuleni kwa familia moja ya Kikongo, Kiswahili cha Uvira, cha Kagera na Kiingereza vikichanganyika. Hatujui bado la kufanya na watoto wanapochoka. Miezi michache iliyopita mama wa mmoja wetu alifariki, tukagundua kwamba hatuna mahali pa kuwaweka watu 200. Lile kanisa kubwa nililoliacha lilitupa ukumbi wake bure, na akina mama wa pale, ambao sikuwahi kujua majina yao, walipika wali tangu alfajiri. Tulitaka kukaa kwa duara kama ilivyo desturi yetu, lakini viti vimefungwa sakafuni kwa skrubu. Basi kila aliyetaka kumsema marehemu alisimama palepale alipo, na walioketi mbele yake wakageuka nyuma, wengine wakapiga magoti juu ya viti, ili wamwone usoni. Mtu mmoja alikuwa ameizima ile saa. Tulikaa saa tatu na nusu.